Uliza Mzee wa Darubini: Minyoo ikiwa mwilini, chanjo inashika?

Mwezi huu barua zimefanana. Inaelekea dawa za minyoo na chanjo za wasichana zimepita shuleni kwa kufuatana, na maneno ya mtaani yakafuata nyuma. Nimechukua nne, nikaongeza moja fupi. Yule aliyeandika kuhusu mbwa wake na tegu, subira, zamu yako inakuja.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Nansio, Ukerewe. Binti yangu ana miaka 11 na wiki ijayo shuleni kwao wanachanjwa ile ya saratani ya mlango wa kizazi. Sasa huyu mtoto ni wa ziwani hasa: kuchota maji ni yeye, kufua ni yeye, kuoga humo humo. Mwaka jana alipimwa akakutwa na kichocho. Jirani yangu, ambaye mwanawe yuko chuo cha uuguzi, ameniambia mwenye minyoo akichanjwa chanjo haishiki, heri ameze dawa kwanza, achanjwe mwakani. Nimpeleke au nimwache? (Mama wa Nansio)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpeleke. Nimetanguliza jibu kwa sababu wiki ijayo si mbali. Sasa kaa tuzungumze.

Jirani yako hakutunga. Alichosikia ni jambo la kweli, ila limemfikia likiwa limekatwa mkia.

Nimekaa kwenye darubini za kanda hii miaka 31, na mayai ya kichocho cha tumbo nayafahamu kama sura za wajomba zangu: marefu kidogo, rangi kama chai isiyo na maziwa, na mwiba mmoja umetokeza ubavuni. (Kile cha mkojo, cha Unguja na Pemba, mwiba wake uko mkiani.) Lakini yai ni habari tu, mwenye nyumba yuko ndani. Mnyoo wa kichocho haukai kwenye utumbo kama chango. Unaishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka utumbo, dume na jike pamoja, jike amelala katika mfereji wa mwili wa dume maisha yao yote. Na maisha hayo ni miaka mitano, kumi, wakati mwingine zaidi. Kitu chenyewe urefu wake ni kama sentimita moja. Jiulize kinawezaje kukaa miaka yote hiyo katikati ya damu, njia ile ile wanayopita walinzi wa mwili usiku na mchana, kisikamatwe.

Kinaweza kwa sababu kimezoeana na walinzi. Wewe uko kanda ya ziwa, sungusungu unawajua. Yowe likipigwa, sisi Wasukuma tunaliita mwano, kila mwanamume anatoka na fimbo yake. Mnyoo hauwaui sungusungu, unawazoesha. Unatoa vitu vinavyoufanya mwili utengeneze seli za kutuliza, zile ambazo kazi yake ni kusema: basi jamani, rudini mkalale, huyu ni mwenyeji. Shida ni kwamba utulivu huo hauishii kwa mnyoo peke yake. Kuna na jambo la pili. Mwili una mbinu mbili kubwa za kupigana. Ya minyoo ni ute mwingi, muwasho, na seli zinazomshambulia mdudu kwa nje kwa sababu ni mkubwa mno kumezwa. Ya virusi ni kuisaka seli iliyoingiliwa na kuiua. Mwili uliokaa miaka katika mbinu ya kwanza, ile ya pili inalegea kidogo.

Chanjo sasa ni yowe la mazoezi. Mwizi wa bandia anapitishwa kijijini ili walinzi washike sura yake, siku akija wa kweli wamjue toka mbali. Walinzi wakiwa wanasinzia, wako watakaoshika nusu ya sura. Na hili limeonekana kwa watu, si vitabuni tu. Mwaka 2000 watafiti waliofanya kazi Ecuador walieleza kwamba watoto wenye chango waliopewa albendazole, dawa ya minyoo ya utumbo, kabla ya chanjo ya kunywa ya kipindupindu waliitikia vizuri kuliko wenzao ambao hawakutibiwa. Mwaka uliofuata Ethiopia wakaeleza jambo la namna hiyo kwa BCG, ile ya kifua kikuu inayoacha kovu mkononi.

Ukiishia hapo utasema jirani kapatia. Mkia wenyewe ndio huu.

Visiwa vya Koome, upande wa Uganda (usichanganye na Kome yetu ya Buchosa, ziwa moja, kichocho kimoja, tofauti ni herufi), watafiti wa Entebbe waliwagawa watoto wa shule mafungu mawili. Fungu moja lilimezeshwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, mara kwa mara, kabla ya chanjo na baada yake. La pili lilipewa dozi chache kwa ratiba ya kawaida. Kisha wote wakachanjwa: BCG, homa ya manjano, homa ya matumbo, HPV ambayo ndiyo hiyo ya binti yako, pepopunda na dondakoo. Matokeo yalichapishwa 2024. Dawa zilipunguza kichocho kweli kweli. Mwitikio wa BCG ulipanda wiki nane baada ya chanjo. Chanjo nyingine zote? Hakuna tofauti kati ya fungu hili na lile. Na huko Hamburg, Ujerumani, waliwapa panya minyoo, wakawachanja chanjo ya mafua, na kingamwili, zile silaha ambazo walinzi hutengeneza wakishashika sura, zikawa hafifu. Kilichonishangaza ni kwamba hata panya ambao minyoo ilikuwa imekwisha kutoka, bado waliitikia vibaya. Sungusungu wakishazoea kulala hawaamki siku moja. Kwa hiyo ule ushauri wa "dawa kwanza, halafu chanjo" unasikika una akili, lakini haujathibitika kwamba ndio unaoiokoa chanjo.

Halafu kuna lililofanyika hapa hapa kwetu Mwanza. Wasichana na wanawake wa miaka 10 hadi 25 waliochanjwa HPV walipimwa minyoo na malaria, ikaangaliwa kama kingamwili zao zimepungua. Matokeo yalitoka 2014: minyoo haikuzipunguza. Wenye malaria ndio kwanza walikuwa nazo nyingi zaidi, na msiniulize kwa nini. Baadaye, Mwanza hii hii, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliingizwa kwenye utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu, na karibu wote waliopata dozi moja walikutwa na kingamwili miaka miwili baadaye. Hao ni watoto wa kanda hii. Sidhani kama kuna aliyewachuja wa ziwani akawaweka pembeni.

Sasa piga hesabu ya jirani. Tangu 2024 Tanzania inatoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na yako imekufuata mpaka shuleni. Ukiiacha, ukampa dawa ya kichocho, kesho yake atarudi kuchota maji pale pale. Mwakani utakuwa na mtoto yule yule, kichocho kipya, na chanjo hana.

Dawa ya kichocho aipate nayo, wala si kwa ajili ya chanjo. Mayai yanayokosa njia ya kutoka yanakwama kwenye ini na kulitia makovu, na hilo linatosha. Wakija na ile fimbo ya kupimia urefu ili kukadiria dozi, ahakikishe amekula kwanza, hata kiporo cha ugali na dagaa. Prazikwanteli kwenye tumbo tupu inazungusha kichwa na kutapisha, mtoto mmoja akitapika darasa zima linatapika, na kijiji kinasema watoto wamelishwa sumu. Tena dawa hiyo inaua minyoo mikubwa, michanga iliyoingia juzi inaponyoka, ndiyo maana mwakani anameza tena.

SWALI: Habari za leo mzee. Mimi ni mwalimu, mkoa wa Geita. Tulipeleka choo cha familia nzima maabara, majibu yakaja hakuna minyoo. Naona sasa sina haja ya wanangu kumezeshwa dawa shuleni, na kwamba chanjo zao zitashika bila wasiwasi. Niko sahihi? (Baba wa watatu)

JIBU: Nzuri mwalimu. Nikusimulie kosa langu, maana nyinyi walimu mnapenda mifano.

Miaka ya nyuma tulikwenda kupima shule moja ya pembeni ya ziwa. Kipimo chetu kikubwa ni kile cha Kato-Katz. Unachuja choo kwenye wavu, unajaza tundu la kipimo linaloshika miligramu 41.7, yaani kama punje mbili za mchele, unafunika kwa karatasi laini ya selofani iliyolowekwa kwenye gliserini, unageuza slaidi na kuikandamiza mpaka uweze kusoma gazeti kupitia kwake. Halafu unahesabu mayai, unazidisha kwa 24 kupata idadi katika gramu moja. Gliserini inasafisha uchafu ili mayai yaonekane. Ila yai la safura, mnyoo unaoingilia nyayo na kunyonya damu, lina ganda jembamba. Baada ya saa moja hivi gliserini imelisafisha nalo, halionekani tena.

Siku hiyo tuliandaa slaidi saa nne asubuhi, mvua ikanyesha, jenereta ikagoma. Nikazisoma saa kumi jioni. Kichocho kilikuwepo, chango ilikuwepo, na kwenye safu ya safura nikaandika sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini ya ukurasa. Nikafurahi hata kufurahi, nikasema shule hii watoto wanavaa viatu. Wiki iliyofuata mwenzangu alirudia watoto wachache akasoma ndani ya nusu saa. Safura kibao.

Kwa hiyo "hakuna" ya maabara maana yake ni kwamba katika punje mbili za mchele, siku hiyo, mbele ya macho ya mtu yule, hakukuonekana yai. Minyoo haitagi sawasawa kila siku, na madume peke yao hawatagi kabisa. Wanao wamezeshwe na wenzao. Kuhusu chanjo, jibu lako ni lile la Mama wa Nansio: wachanje wakiwa nayo, wachanje wakiwa hawana.

SWALI: Mzee shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, mvuvi, natoka Kyela. Baba yangu ana busha, na mimi nilipimwa wakasema nina vimelea vya matende ingawa sijavimba popote. Kuna mtu aliniambia mwenye vimelea hivi anapata UKIMWI kirahisi. Nilicheka, lakini sasa silali. Ni kweli? (Naomba jina lisitajwe)

JIBU: Marahaba kijana, na jina halitajwi. Huyo aliyekuambia hakukutania, na tena utafiti wenyewe umefanyika kwenu.

Wilayani Kyela, watafiti wa Mbeya na wenzao wa Munich waliwafuatilia watu kwa miaka kadhaa, wakilinganisha wenye mnyoo wa matende na wasio nao: nani ataambukizwa virusi vya UKIMWI katika kipindi hicho. Walichapisha 2016. Waliokuwa na mnyoo waliambukizwa kwa kiwango cha karibu mara mbili, na tofauti ilionekana zaidi kwa vijana. Walipoweka kando tabia za ngono na mambo mengine wanayoweza kuyapima, tofauti ilibaki.

Utaniuliza: si umesema minyoo inawalaza walinzi? Ndiyo, lakini huyu anaishi kwenye mishipa ya limfu, kwenye njia zinazokwenda kwenye mitoki, na huko ndiko walinzi wanakokaa. Wengine wanalazwa, wengine wanabaki macho miaka nenda rudi, wanahangaika bila kupigana. Katika hao wako seli za CD4, na seli ya CD4 iliyo katika hali ya kuhangaika ndiyo mlango ambao virusi vya UKIMWI vinaupenda. Mtu anayekutana na virusi akiwa na milango mingi iliyo wazi ana bahati mbaya kuliko mwenye michache.

Dada zetu nao wana lao. Kichocho cha mkojo kinaweza kuweka mayai kwenye mlango wa kizazi na ukeni, kikaacha vidonda na mishipa ya damu inayovuja kirahisi. Zimbabwe, 2006, waligundua kwamba wanawake wenye hali hiyo walikuwa na virusi vya UKIMWI karibu mara tatu ya wenzao. Wanatibiwa kama magonjwa ya zinaa miaka na miaka, wanaume zao wanawafukuza, kumbe walikipata wakiwa watoto mtoni. Hili likinijia huwa linaniharibia siku.

Sasa wewe. Nenda kituo cha afya ukaseme ulivyoniambia, utatibiwa, dawa ipo na si ya kuogopwa. Pima virusi, na mipira utumie kama ambavyo ungetumia hata ungekuwa huna mnyoo. Kuvimba usisubiri. Zamani nilishiriki kupima matende huko pwani ya Tanga, na wakati huo njia ilikuwa kutoboa watu vidole usiku, saa nne mpaka saa nane, kwa sababu vitoto vya mnyoo huo vinajitokeza kwenye damu ya juu usiku mbu wanapouma. Unapita na taa nyumba hadi nyumba unaomba damu! Tuliitwa mumiani mpaka tukazoea, na bibi mmoja alitufungulia mbwa. Waliokutwa na vimelea vingi zaidi usiku huo walikuwa vijana wenye miguu mizuri kama yako.

SWALI: Mzee, mimi nauza dagaa Kigoma. Kijiweni wanasema Waafrika hatukufa sana na Korona kwa sababu ya minyoo, na kwamba wanaotugawia dawa wanataka kututoa kinga yetu. Wewe mtu wa maabara unasemaje? (Mfanyabiashara wa Kibirizi)

JIBU: Nasema kijiwe chenu kinasoma, ila kinasoma kurasa za kushoto tu.

Ukurasa wa kushoto: huko Mekelle, Ethiopia, kati ya Julai 2020 na Machi 2021, waliwapima choo wagonjwa 751 wa Korona. Wenye vimelea vya tumboni walizidiwa mara chache kuliko wasio navyo. Na panya wa Uskoti waliopewa mnyoo wa utumbo walihimili virusi vya mapafu vinavyowasumbua sana watoto wachanga. Inawezekana kabisa: katika Korona kilichowaua wengi ni walinzi wa mwili kupagawa na kuchoma nyumba wakimtafuta mwizi, kwa hiyo walinzi watulivu huenda wakawa heri. Ila Mekelle hawakumpa mtu minyoo wakaona. Walimkuta nayo, na miongoni mwa vimelea walivyohesabu vilikuwamo ambavyo si minyoo kabisa. Anayekutwa na vimelea na asiyekutwa navyo wanatofautiana kwa mengi, chakula, kazi, mahali pa kuishi, na si yote yanayohesabika.

Ukurasa wa kulia kijiwe hakikuufungua. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba mnyoo unaweza kuviamsha virusi vya jamii ya herpes vilivyokuwa vimelala mwilini. Mwaka 2021 wengine wakaonyesha panya mwenye mnyoo wa utumbo anaumwa zaidi akipata virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu. Mnyoo haujui kama unakusaidia. Unatafuta pa kukaa, na utulivu unaouleta mara unakufaa, mara unakuangusha, kulingana na nani amebisha hodi.

Na kinga ya namna hiyo ina kodi. Njoo nikuonyeshe damu ya mtoto mwenye safura kali. Damu ya kawaida kwenye kichupa ni nzito, inashika kwenye ukuta wa kioo. Ya huyo inateleza kama juisi ya rozela. Niliwahi kumpima mmoja wa miaka saba, himoglobini, yaani wingi wa wekundu wa damu, 4 tu, kiwango cha hatari, ametembea mwenyewe mpaka dirishani kwangu akashika nondo kupumzika. Waambie kijiweni anayeitaka kinga hiyo aichukue yeye, watoto wawaachie dawa.

SWALI: Nina mimba, naishi Bunda, choo kimeonyesha kichocho na chango. Mtoto nitakayemzaa chanjo zake zitakubali? (Dada wa Bunda)

JIBU: Dada, Entebbe waliwahi kuwafuatilia wajawazito 2,507, wengine wakapewa albendazole au prazikwanteli, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa. Watoto walipozaliwa wakachanjwa kama kawaida, mwitikio wao kwa BCG na pepopunda ukawa uleule, mama ametibiwa asitibiwe. Ukurutu ndio uliongezeka kwa watoto wa waliomeza albendazole. Kwa upande mwingine, magharibi mwa Kenya watoto wa miaka miwili waliozaliwa na mama wenye kichocho walionekana kuwa na kingamwili chache za surua. Kwa hiyo ile sindano ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18 usije ukaikosa hata moja, hiyo ya pili hasa, ambayo akina mama wengi huisahau kwa kuwa mtoto ameshaanza kutembea.

Kuhusu kutibiwa wewe mwenyewe, dawa hizi hazitolewi miezi mitatu ya kwanza, baada ya hapo zinatolewa kliniki, na ukiwa na upungufu wa damu usichelewe. Barua yako haikusema mimba ina miezi mingapi. Mwambie mkunga leo, kisha niandikie tena.